Sura ya Sita: Mbona Kichwa Hakisikii Dawa?

Swali hili huja duka la dawa kwa sura nyingi. Mkulima wa tumbaku aliyeteremka na basi la asubuhi kutoka Urambo anataka kujua kama ipo dawa kali kuliko ile ya mwezi uliopita. Mama anayeuza dagaa wa Kigoma sokoni Tabora anashuku ana presha ambayo mashine haijaiona. Mwanafunzi wa bweni anauliza habari za miwani. Ukiwasikiliza mpaka mwisho, wote watatu wanauliza jambo moja: nameza vidonge kila siku, mbona kichwa hakiponi?

Jibu langu halitawafurahisha wengi. Kwa watu wengi wanaoumwa kichwa karibu kila siku, vidonge vyenyewe vimekwisha kuwa sehemu ya ugonjwa. Dawa inasaidia, tena sana, ikimezwa kwa kipimo kamili na kwa siku chache. Kazi inayobaki ni ya usingizi, maji, chakula, shingo na mawazo. Anayeshika dawa akaacha mengine atarudi dukani wiki ijayo.

Tusidhani pia kwamba haya ni maradhi ya watu wa ofisini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu bilioni 3.1, yaani wanne katika kila kumi, walikuwa na tatizo la kuumwa kichwa la namna moja au nyingine. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba katika vijiji vinavyoizunguka hospitali ya Haydom, kaskazini mwa Tanzania, waliwakuta wakulima na wafugaji wanaougua kichwa, na wanawake zaidi ya wanaume.

Vichwa vya njia ya misafara

Njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Ugogo, ikakata nyika kavu ya Mgunda Mkali, kisha ikapumzika Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliikanyaga kila mwaka wakiwa na mizigo ya kilo 30 hivi: pembe za ndovu begani, majora ya nguo na mifuko ya shanga. Katika safari moja mpagazi alikutana na karibu kila kitu kinachoumiza kichwa. Jua, kiu, njaa, usingizi wa mang'amung'amu, uzito juu ya shingo, na mbu usiku.

Hata hivyo walikuwa na mpango. Kirangozi, yule kiongozi wa mbele, aliondoa msafara alfajiri, na kwa kawaida kambi ilipigwa kabla ya jua la utosi. Mwendo wa alasiri, walioita terekeza, uliwekwa kwa ajili ya sehemu zisizo na maji, ambako kukaa kungekuwa hatari kuliko kwenda. Mizigo iligombaniwa kabla ya kuondoka, na mpagazi mzoefu hakukubali kuongezewa. Wakifika Unyanyembe walipumzika siku nyingi. Hakuna aliyewafundisha somo la msongo wa mawazo, ila mwili waliujua, na sidhani kama dereva wa lori la leo anayekesha barabarani kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam amewazidi akili katika hili.

Wageni waliopita nao waliteseka zaidi. Wapelelezi wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, waliingia Kaze, makazi ya Waarabu hapo Unyanyembe, mwezi Novemba 1857, homa zikiwa zimewachosha wote wawili. Mmisionari David Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, hadi tarehe 25 Agosti 1872, alipoanza safari yake ya mwisho; tembe aliloishi pale pamoja na mwandishi wa habari Henry Stanley sasa ni makumbusho. Wageni huenda kuangalia chumba alicholala. Mimi huvutiwa zaidi na habari za sanduku lake la dawa, ambalo wapagazi wawili walitoroka nalo Januari 1867, miaka mitano kabla hajafika hapo, na ambalo kulipoteza kwake alikuona sawa na kuhukumiwa kifo. Vidonge vyake vya homa alivitengeneza mwenyewe kwa kuchanganya kwinini na dawa za kuharisha, mojawapo ikiwa ya zebaki. Kwinini ilifanya kazi. Zebaki ilimmaliza nguvu tu.

Wasafiri wale wametuachia desturi moja: kichwa kikiuma ni homa, na homa dawa yake inajulikana. Tulichobadilisha ni dawa. Zamani kwinini, leo dawa ya mseto ya malaria.

Kwanza tuondoe malaria na presha

Tabora bado ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, kwa hiyo kushuku malaria ni haki ya kila mtu. Kosa ni kumeza dawa ya mseto bila kupima. Kipimo cha haraka, tone moja la damu kidoleni na majibu katika robo saa hivi, kinapatikana mpaka zahanati za vijijini. Kikikwambia huna, kiamini. Malaria huja na joto, baridi na viungo kulegea. Kichwa kinachouma tangu Machi hadi Agosti bila homa hata siku moja kina habari nyingine.

Warina asali, wavuvi na wawindaji wanaopiga kambi katika misitu ya miombo upande wa Ugalla wakumbuke na malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo. Huanza kwa homa na kichwa, kama malaria kabisa. Wagonjwa wake siku hizi ni wachache mno, na kwa sababu hiyohiyo tabibu kijana anaweza asiuwaze. Mwambie ulikuwa porini, na kwa muda gani.

Na presha? Presha iliyopanda kiasi kwa kawaida haiumi popote, ndiyo maana watu huanguka nayo bila kujua. Ile inayoumiza kichwa mara nyingi ni iliyopanda mno, kama 180 kwa 120 na kuendelea, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Pima presha kila mwaka hata kama kichwa hakiumi.

Vichwa vitatu vinavyotusumbua zaidi

Kinachoenea kuliko vyote ni kichwa cha mkazo. Hubana pande zote mbili, kuanzia paji la uso hadi kisogoni, mtu akahisi amevikwa kofia ndogo kuliko kichwa chake. Hakipwiti. Unaweza kuendelea kulima, kufundisha au kuendesha bodaboda, ila kwa hasira. Kinaweza kudumu nusu saa, kinaweza kudumu siku kadhaa.

Kipandauso ni kikali zaidi. Mara nyingi hushika upande mmoja, hupwita kufuata mapigo ya moyo, huleta kichefuchefu, na mgonjwa hawezi kuvumilia mwanga wala kelele. Ukimkuta amejifungia chumbani mchana, pazia limeshushwa, mtoto akikatazwa kugusa sufuria, huyo si mvivu. Kipandauso hudumu kati ya saa 4 na siku 3. Wengine kabla ya maumivu huona vimulimuli au mistari inayometameta kwa dakika chache. Huwapata wanawake mara mbili hadi tatu ya wanaume, na wengi wao hukiona karibu na siku zao za hedhi. Huenda katika damu ya ukoo, kwa hiyo ukikiugua, muulize mama au shangazi.

Cha tatu ni kichwa kinacholetwa na dawa za kichwa. Hicho nitakirudia, kwa kuwa ndicho kinachojibu swali la sura hii.

Kwa ufupi: kinachobana pande zote na kukuacha ufanye kazi ni mkazo, kinachopwita, kutapisha na kukulaza ni kipandauso, kinachokuamsha karibu kila asubuhi huku droo imejaa vidonge, shuku vidonge.

Deni linavyofika shingoni

Ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Daktari wa upasuaji anaweza kuugusa mgonjwa akiwa macho. Kinachouma ni ngozi laini zinazoufunika, mishipa ya damu, na misuli ya taya, shingo na mabega. Mtu akiwa na hofu mwili hutoa adrenalini, kemikali ya kumtayarisha kupigana au kukimbia, na misuli hiyo hukaza. Simba akiondoka, misuli hulegea. Deni haliondoki namna hiyo.

Tuuangalie mwaka wa mkulima wa tumbaku wa Kaliua au Sikonge. Mbolea na viuatilifu amevichukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi, AMCOS, na deni litakatwa kwenye mauzo. Mvua ikichelewa, anawaza. Jani likikomaa anachuma tangu asubuhi, kisha anahamia bani, banda la kukaushia, ambako kwa karibu wiki nzima lazima moto uchochewe usiku na mchana joto lisiyumbe. Analala vipande vipande, moshi machoni. Hatimaye sokoni mteuzi anapita kwenye mitumba na kuipangia madaraja, na mwenye jani amesimama kando, taya zimekazana, anasubiri kusikia. Daraja likishuka, deni halishuki.

Misuli ikikaa hivyo kwa miezi, mishipa ya fahamu ya shingo na kichwa huwa myepesi wa kulalamika, na ule uwezo wa ubongo wa kupunguza sauti ya maumivu huchoka. Mwishoni jambo dogo, kama kuruka chai ya asubuhi, linatosha kuanzisha kichwa cha siku nzima. Mwenye tabia ya kipandauso naye hupigwa hapo, na wengine hupigwa msongo ukishakwisha: fedha imeingia, mtu amelala mpaka saa nne, ndipo kichwa kinapoanza.

Lakini si kila kichwa cha mkulima huyu ni mawazo. Jani bichi la tumbaku likiwa na umande au mvua hupitisha nikotini kwenye ngozi ya mchumaji, na jioni hupata kichwa, kizunguzungu na kutapika. Avae mikono mirefu na glavu, angoje umande ukauke inapowezekana, aoge na kubadili nguo mara atokapo shambani. Watoto wasichume.

Na kuna jiko la mkaa. Familia ikilifungia ndani usiku wa baridi, wote wakaamka na vichwa vizito na kichefuchefu, hiyo ni hewa ya sumu isiyo na harufu, na kesho yake wanaweza wasiamke. Toeni jiko nje kabla ya kulala.

Vidonge vinne kwenye gazeti

Biashara yenyewe huwa hivi:

"Dada, nipatie za kichwa."

"Za shilingi ngapi, baba?"

"Za mia tano."

Mkasi unachukuliwa, karatasi ya vidonge inakatwa, kipande kinazungushiwa gazeti. Jina la dawa na tarehe ya mwisho wa matumizi vimebaki kwenye kipande kilichorudi rafuni. Baba huyu akifika nyumbani hajui amebeba nini, na mkewe akimpa tena "panadol" iliyokuwa kabatini, hakuna wa kumwambia kwamba huenda amemeza dawa ileile mara mbili.

Maduka ya dawa muhimu, utaratibu ulioanza mkoani Ruvuma mwaka 2003, yaliwekwa ili muuzaji awe mtu aliyefunzwa. Kumuuliza jina la dawa na kumwomba aliandike si usumbufu. Akikasirika, nenda duka la pili.

Haya ndiyo ya kujua kuhusu dawa tatu za kawaida, kwa mtu mzima asiye na maradhi mengine:

– Paracetamol: vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, kisha baada ya saa 6 ukihitaji. Visizidi 8 kwa siku nzima. Ikizidi huunguza ini. Mnywaji wa pombe, mwenye ugonjwa wa ini au mwenye uzito chini ya kilo 50 aulize kipimo chake kwanza.

– Aibuprofeni: miligramu 400 baada ya kula, isizidi mara 3 kwa siku. Haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala kwa mjamzito, na mwenye pumu aulize kwanza.

– Aspirini: miligramu 600 hadi 900 baada ya kula. Asipewe mtoto wala kijana chini ya miaka 16. Tahadhari za tumbo na ujauzito ni kama za aibuprofeni, na mwenye homa ambayo haijapimwa aiepuke.

Vipo pia vidonge vya mchanganyiko wa diklofenaki na paracetamol, vinavyopendwa sana kwa kuwa vina nguvu. Ukishameza hivyo usiongeze panadol, kwa sababu paracetamol, ambayo ndiyo panadol, imo ndani yake tayari. Usiongeze aibuprofeni wala aspirini pia.

Kosa la kawaida ni woga wa mwanzo na pupa ya mwisho. Mtu anaumwa asubuhi, anavumilia hadi mchana, anameza kidonge kimoja, hakimsaidii, anaongeza kingine cha aina nyingine jioni. Kwa kipandauso hasa, dawa imezwe kwa kipimo kamili katika saa ya kwanza, kwa maji ya kutosha, kisha mtu ajilaze penye giza. Ikichelewa, tumbo huwa limekwisha kusimama kufanya kazi na kidonge hukaa tu humo.

Nisiwasahau wanaotibiwa kwa chale. Utawaona wazee wa Unyamwezi wenye alama ndogondogo kwenye mapanja, zilizochanjwa na kupakwa dawa walipokuwa vijana. Sina ugomvi na aliyepata nafuu zamani. Lakini wembe uliopita kwa mtu mwingine unaweza kukuletea homa ya ini au VVU, na hakuna kichwa kinachostahili bei hiyo.

Kidonge kinapogeuka

Sasa kile kichwa cha tatu. Mtu mwenye kichwa cha mkazo au kipandauso akimeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, anaweza kupata kichwa kipya juu ya kile cha zamani. Kwa dawa za mchanganyiko, zile zenye kafeini ndani, na zile za jamii ya tramadol, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Mfumo wa maumivu unakuwa kama mbwa wa mlinzi aliyefundishwa vibaya: anabweka hata mwenye nyumba akiingia. Dawa inamnyamazisha kwa saa chache, ikiisha mwilini anaanza upya, na wewe unarudi kwenye droo. Angalia kwamba kinachohesabiwa ni siku. Vidonge sita kwa siku moja ya kipandauso si hatari hii, mradi kipimo hakikuvukwa. Kidonge kimoja kila asubuhi ya Mungu ndicho kinachozalisha kichwa hiki.

Dalili zake ni rahisi kuziona ukiambiwa. Kichwa kipo ukiamka. Dawa inayokusaidia leo inasaidia kwa muda mfupi kuliko ilivyokuwa mwaka jana. Unatembea na vidonge mfukoni "kwa tahadhari", na ukiwa huna, roho haitulii.

Tiba yake ni kuacha. Paracetamol, aibuprofeni na aspirini unaweza kuziacha kwa mara moja, isipokuwa aspirini uliyopewa kwa ajili ya moyo au kiharusi. Siku 2 hadi 10 za mwanzo kichwa kitakuwa kibaya kuliko kawaida, pengine pamoja na kutapika na kukosa usingizi, kwa hiyo usianze wiki ya mnada wala ya mtihani. Waambie watu wa nyumbani. Baada ya hapo wengi huanza kuona siku nyeupe, na katika miezi miwili hivi kinabaki kile kichwa cha asili, chenye siku zake chache. Anayetumia tramadol asikate ghafla. Apunguze chini ya uangalizi wa daktari.

Chai na kahawa nazo zimo katika hesabu. Aliyezoea vikombe vingi vya kahawa ya barazani, au vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva, akivikosa siku moja huumwa kichwa. Apunguze kidogo kidogo.

Kwa ufupi: usivuke siku 2 za dawa ya maumivu kwa wiki. Ukiona huwezi, tatizo limekuwa la daktari.

Kumpunguzia mtu msongo bila kumdanganya

Ushauri wa "acha mawazo" sijawahi kuuona ukimsaidia mtu. Deni lipo, ada ipo, mgonjwa nyumbani yupo. Kinachowezekana ni kuufundisha mwili usikaze saa zote, na faida yake imepimwa. Mwaka 2001 nchini Marekani Kenneth Holroyd na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watu 203 wenye kichwa sugu cha mkazo. Waliopewa dawa ya kuzuia peke yake, 38 katika kila 100 walipungukiwa kwa nusu au zaidi. Waliofundishwa kudhibiti msongo peke yake, 35. Waliopata vyote viwili walifika 64. Waliopewa vidonge visivyo na dawa walikuwa 29, maana kuhudumiwa kwenyewe ni tiba. Dawa ilianza kusaidia mapema kuliko mafunzo, jambo la kukumbuka kwa wenye haraka.

Mafunzo yenyewe hayahitaji chombo. Mwaka 1929 daktari wa Chicago, Edmund Jacobson, alitoa kitabu kuhusu kulegeza misuli, na njia yake mpaka leo haijapitwa. Kaa kwenye kiti au jamvi, mgongo umeegemea. Kunja ngumi kwa nguvu kwa sekunde 5, ziachie, sikiliza tofauti kwa sekunde 20. Pandisha mabega mpaka karibu na masikio, yaachie. Uma meno, yaachie ili midomo ikutane na meno yasigusane. Kunja uso, uachie. Malizia kwa pumzi: vuta kwa puani ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, kwa dakika 5. Fanya kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Wiki mbili za kwanza utaona upuuzi mtupu. Endelea, nafuu huchukua wiki kadhaa.

Mengine ni ya ratiba. Lala na kuamka saa zilezile, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwani kipandauso hakipendi mabadiliko hata ya raha. Usiruke chai ya asubuhi. Uji wa bakuli moja unatosha. Mwenye kufunga Ramadhani asiuache daku, na usiku agawe maji badala ya kuyabugia yote wakati wa kufuturu. Kiangazi cha Tabora, Septemba na Oktoba, ni kikavu na cha joto, na mkojo wa rangi ya chai ni ishara kwamba umechelewa kunywa. Mama anayebeba maji kichwani aweke ngata pana, apunguze ujazo wa ndoo. Anayejifunga kitambaa kichwani kupata nafuu asikikaze mchana kutwa, kwa kuwa mbano wenyewe unaumiza. Tembea nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi treni, mara tatu au zaidi kwa wiki.

Na deni lizungumzwe. Nimeona wanaume wakificha mkopo kwa wake zao msimu mzima huku wakinunua panadol kila siku mbili. Mke akijua, deni haliongezeki hata senti.

Kichwa kikiendelea siku nne au zaidi kwa mwezi na kukulaza, zipo dawa za kuzuia, zinazomezwa kila siku ili kichwa kisianze. Amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, au propranololi, si dawa mpya wala za gharama kubwa. Huandikwa na daktari, kwa sababu propranololi haifai kwa mwenye pumu na amitriptilini haifai kwa wenye baadhi ya magonjwa ya moyo. Ukiandikiwa amitriptilini usishtuke ukisikia kwamba hutumika pia kwa wenye sonona. Hukuitwa mgonjwa wa akili. Zipe wiki sita hadi nane kabla ya kuzihukumu.

Usingoje hata saa moja ikiwa

– kichwa kimelipuka ghafla kikawa kikali kupita vyote ulivyowahi kuumwa;

– kuna homa na shingo ngumu, au mgonjwa anachanganyikiwa au kupata degedege;

– mdomo umeenda upande, mkono au mguu umelegea, au maneno hayatoki sawasawa;

– kimeanza baada ya kuanguka au ajali ya bodaboda, hata kama ni siku kadhaa zilizopita;

– mgonjwa ni mjamzito aliyepita miezi mitano au amejifungua karibuni, anaona ukungu au amevimba uso, maana hicho huweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja;

– jicho ni jekundu, linauma na halioni vizuri.

Aliye na VVU akipata kichwa kinachozidi siku hadi siku awahi kituoni hata bila homa, kwa sababu fangasi wanaoshambulia ngozi za ubongo huanza kimyakimya. Kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, au kinachomwamsha mtu na kumtapisha kila asubuhi kwa wiki kadhaa, kipimwe pia mapema.

Kwa wengine wote, safari ya zahanati, au ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete ukipewa barua, iwe na vitu viwili. Cha kwanza ni daftari la shule la mwanao, kurasa mbili tu: tarehe, kichwa kiliuma wapi na kwa saa ngapi, ulilala saa ngapi, ulimeza nini. Cha pili ni karatasi za vidonge vyote ulivyotumia mwezi huo, hata zilizo tupu, hata kile kipande kisicho na jina. Tabibu mwenye foleni mlangoni hana muda wa kusikiliza historia yote, lakini mwezi mmoja uliohesabiwa atausoma kwa dakika mbili. Anza usiku huu, kabla hujanunua vingine.